Nyumba Isiyonywewa Pombe

Kama ndiyo kwanza unanisoma, sogea karibu nikwambie tulikotoka. Wewe uliyenisoma juma lililopita, nivumilie kidogo.

Naitwa Emelyne. Nimezaliwa kwenye makazi ya Katumba, wazazi wangu ni Warundi waliokimbia vita ya sabini na mbili. Niliolewa na Maximilian, Mpimbwe wa Usevya, dereva wa mradi wa visima wa wazungu pale Mpanda. Mwaka wa tisini na sita mradi ulifungwa, wazungu wakafungasha, na kama zawadi ya kuagana wakaacha nyumba. Si nyumba iliyosimama. Nyumba iliyokuwa ndani ya makasha, haijawahi kufunguliwa, imekuja kwa treni kutoka Tabora. Kuta zimelazwa kama magodoro, kila kipande kina namba yake ya rangi nyekundu, nati na skrubu zimo kwenye mifuko.

Tuliisimamisha mtaani Misunkumilo, mimi na mume wangu na spana mbili, kwa muda wa wiki moja. Jumamosi Maximilian akapanda lori la Ikola, kule ziwani, kwenda kununua dagaa wa kulisha wageni siku padre atakapokuja kubariki nyumba. Aliniambia atarudi Jumanne.

Jumamosi hiyohiyo jirani yetu Yotham, mlinzi wa ghala la tumbaku, akawa haonekani. Alikuwa ameaga kwake Ijumaa jioni anakwenda lindoni, na lindoni hakufika.

Na watu wa Misunkumilo wakaamua kwamba Yotham yumo ndani ya ukuta wangu.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa tuendelee.

Kwanza mjue kwamba ile nyumba ilikuwa inagonga.

Msinicheke. Jua la Oktoba la Mpanda mnalijua. Ikifika saa saba mchana, bati limeiva, kuta zinaanza: tok. Kimya. Tok, tok. Utafikiri mtu anagonga kwa kidole akiwa ndani ya mbao. Jioni hali ya hewa ikipoa zinaanza upya. Maximilian aliniambia ni mbao zinatanuka na kusinyaa, nisijali. Akiwepo sikujali. Alipoondoka nilianza kulala na mwanangu Claude kifuani na taa nikaiacha inawaka.

Jumatatu nilitoka nje kumwaga maji nikamkuta Kashinje, mke wa Yotham, amesimama nyuma ya chumba chetu cha kulala. Amelaza sikio ukutani.

"Dada Kashinje, unasikiliza nini hapo?"

"Namsikiliza mume wangu," akasema.

Alisema taratibu tu, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Mimi mdomo wangu mnaujua, nilitaka kumjibu vizuri sana siku ile. Lakini nikaongea kwa upole.

"Hizo ni mbao, dada. Zinatanuka na jua."

"Mbona mbao za kanisani hazitanuki? Nyumba gani inaota kwa wiki moja, hakuna tofali, hakuna udongo, hakuna mtu aliyeitwa?"

Akafunga kanga yake vizuri akaenda zake. Hakunitukana. Angenitukana ningelala salama.

Toka siku hiyo kisimani nikawa nachota maji peke yangu. Nikifika, wanawake wanabeba ndoo zao hata kama hazijajaa. Aliyekuwa ananiazima kinu akasema kimepasuka, na mimi nakisikia kinatwanga kwake.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe wangu, Natalia. Alikuwa amekuja kutoka Usevya Jumapili, siku moja kabla ya Kashinje kulaza sikio, kuiona nyumba ya mwanawe. Aliizunguka mara moja, hakuingia. Akaketi kwenye jiko letu la nyasi, akaniuliza swali moja.

"Pombe ilinywewa lini?"

"Haikunywewa, mama. Hatukuita watu. Vipande vyenyewe vinafungwa kwa nati tu, kazi ya watu wawili."

Akaniangalia mpaka nikainamisha kichwa.

"Mkwe wangu, huku mtu hajengi kimya kimya. Unaita watu, wanafanya kazi, unawapa pombe. Lakini kabla ya kata ya kwanza ya pombe balozi wa nyumba kumi anasimama anauliza, nyumba hii ni ya nani? Mwenye nyumba anajibu. Kama kuna mtu ana neno, labda mpaka umevukwa, labda mti wake umekatwa, anasema hapohapo watu wote wanasikia. Akinyamaza akanywa, limekwisha. Hatalifufua yeye wala watoto wake."

Mimi ningejulia wapi? Katumba viwanja tulipimiwa kwa kamba na watu wa ofisi, ukaambiwa wewe kaa hapa, ukakaa. Hakuna aliyekuuliza nyumba ni ya nani.

"Na Maximilian anaijua hiyo desturi?" nikauliza.

"Tangu anatambaa anaiona," akasema.

Alikaa anachora chini kwa kijiti muda mrefu, kisha akafungua mfuko wake. Alikuwa amekuja na kimea cha ulezi. Jioni hiyo akabandika sufuria kubwa, akaanza kupika pombe bila kuniambia ni ya nini.

Nikajisemea, mume wangu alikuwa na haraka, basi. Mvua zinakaribia, watu wakiitwa wanakunywa zaidi ya wanavyofanya kazi. Alivyonieleza yeye ndivyo nilivyoamini. Mke ukiamua kuamini unaamini hata kwa macho yaliyofunguka.

Jumanne ikafika, Maximilian hakurudi.

Jumatano asubuhi alikuja mdogo wake Yotham, Antoni, ameongozana na balozi wetu, mzee Ponsian. Huyu mzee ni mtu mpole, fundi baiskeli, akiongea anapenda kujifuta mikono hata kama haina grisi. Antoni ndiye aliyeongea.

"Bwana yako yuko wapi?"

"Ikola. Amefuata dagaa."

"Kaka yangu hayupo, na bwana yako hayupo. Anayejua ni nani? Ni wewe."

"Mimi Ijumaa sikuwepo, shemeji. Nilikwenda Katumba kumsalimia mama yangu, nimelala huko. Nimerudi Jumamosi asubuhi."

Na ni kweli. Maximilian mwenyewe ndiye aliyeniambia, nenda kamsalimie mama, umechoka, ubao wa ndani wa chumbani uliobaki nitaumalizia mimi. Niliona mume gani mwema hivi.

Antoni akacheka kidogo. "Katumba. Na kibali cha kutoka makazini unacho? Au niwaulize wanaohusika kama unacho?"

Kibali changu kilikuwa kimeisha muda, na kila mtu pale alijua, maana wengi wetu tulioolewa mjini tulikuwa hivyohivyo. Nikamvuta Claude karibu.

"Sikiliza," akasema. "Mpaka Jumamosi jua likianza kulala. Kaka yangu asipoonekana nakuja kumtoa mwenyewe. Nyumba yenu si mbao? Mbao zinawaka."

"Antoni," balozi akasema. "Tulikubaliana kuuliza tu."

"Nimeuliza, mzee. Sijajibiwa."

Wakaondoka. Mzee Ponsian akageuka mara moja kunitazama, akajifuta mikono.

Sasa fikiria hali yangu. Nyumba ndiyo kila kitu tulichonacho. Nikikimbilia Katumba na mtoto, watasema nimekimbia kwa sababu najua, na mama mkwe mzee atabaki peke yake mbele ya wale vijana. Na mnajua wanawake wazee wanavyofanywa kule kwetu neno la uchawi likishatajwa. Macho mekundu kwao ndiyo ushahidi, na yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupika ile pombe, na mimi kila nikiyaona nilikuwa natamani ayafunike.

Tegemeo lilikuwa moja tu. Maximilian arudi. Akirudi atasimama mbele yao, atasema hana habari za Yotham, atawaonyesha jinsi mbao zinavyotanuka, yataisha.

Nikawa mtu wa kusikiliza honi. Lori lolote likishuka kutoka njia ya Ikola natupa nilichoshika, nakimbilia barabarani na Claude mgongoni. Alhamisi nikamkamata tanboi mmoja, mpakizi wa lori.

"Maximilian umemwona?"

"Yule wa mradi? Yuko mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, anaanika dagaa, mama. Nimemwambia lori linaondoka, akasema bado yupo yupo."

Yupo yupo. Mimi huku nahesabiwa siku, yeye anaanika dagaa. Nilipandwa na hasira mpaka nikasahau kuogopa, lakini ilikuwa kwa muda wa kutoka barabarani mpaka nyumbani. Mlangoni nikasikia: tok.

Usiku ule usingizi haukuja. Nikalala naangalia ukuta wa chumbani, ule unaotazamana na ua wa Kashinje. Namba ya kipande kile imekaa kichwa chini. Kuta zote namba zimesimama sawa, maana Maximilian ni mtu wa mpangilio, hata viatu anavipanga kwa mstari. Kile kimoja tu kilikuwa kimepinduliwa. Jumamosi niliporudi kutoka Katumba nilimtania, fundi, siku nisipokuwepo unajenga kichwa chini? Hakucheka. Akasema alikuwa amechoka.

Na siku hiyohiyo niliona kwenye shimo la taka kuna ile sufi nyeupe inayowasha, ile ambayo wazungu wanaijaza katikati ya ukuta kuzuia joto. Nyingi, rundo zima. Nikadhani imebaki.

Jumamosi ikafika. Lori la asubuhi likapita bila yeye.

Kuanzia saa nane watu wakaanza kujaa uani. Hawakuja na kelele. Walikuja kama watu wanaokuja msibani, wanaketi chini, wanawake upande huu na wanaume upande ule. Kashinje alikaa mbele, amevaa kanga nyeusi. Antoni alikuja wa mwisho na dumu la mafuta ya taa. Akaliweka chini taratibu karibu na ngazi yangu, hakusema lolote.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Claude mgongoni akawa analia, nikawa najitikisa kumbembeleza, na najua hakuwa yeye peke yake aliyekuwa anatikisika.

"Jua linalala, balozi," Antoni akasema.

Hapo mama mkwe wangu akatoka jikoni. Anatembea polepole, amekumbatia mtungi wa pombe. Akautua katikati ya watu, pembeni kabisa ya lile dumu, akachomeka kata.

"Wanangu," akasema. "Mwanangu amewakosea. Amejenga hajawaita. Mgeni ni huyu mkwe wangu, yeye hajui, lakini mwanangu anajua. Mimi mama yake naomba radhi."

Wanawake wakasogea kumsikia.

"Mnasema ndani ya kuta kuna mtu. Mimi ni mzee, sijui vitu vya wazungu. Lakini mkwe wangu anasema kuta hizi zinafunguka. Basi zifungueni. Fungueni mtazame, halafu mzifunge tena kwa mikono yenu, kila mtu afunge nati moja. Mkimaliza mnywe. Nyumba itakuwa imejengwa na nyie."

Nilimwangalia yule bibi nikasema moyoni, kumbe siku zote anapika akili.

Kukawa na minong'ono. Halafu mzee mmoja wa upande wa wanaume akauliza pombe ni ya ulezi au ya mahindi. Mtu akacheka. Mwingine akacheka kwa sababu yule amecheka. Mzee Ponsian akasimama anajifuta mikono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa gunia.

"Hilo ni neno la mtu mzima," akasema. "Antoni?"

Antoni akaangalia watu, akaona wameshahamia kwenye mtungi. "Wafungue," akasema. "Lakini afungue yeye, mwenye nyumba. Sisi tuone mikono yake."

Nikachukua bisibisi. Tukaanza na ukuta wa sebuleni. Nilitoa skrubu moja moja, watu wamejazana dirishani na mlangoni, wengine wanashika mbao isinidondokee. Ubao wa ndani ulipotoka, ikamwagika sufi nyeupe. Sufi tupu. Wakaipekua mpaka chini, wakaanza kujikuna mikono na shingo, kijana mmoja akapiga chafya mfululizo na kina mama wakamcheka. Wakajaza sufi, wakarudisha ubao, wakagombania kufunga skrubu. Ukuta wa pili vilevile. Wa tatu vilevile.

Nawaambia ukweli, pale ndipo nilipopumua kwa mara ya kwanza juma lile. Mwanamke wa kinu akanishika bega akasema kinu kimepona, nije nikichukue. Nikataka kumwambia neno, nikajikaza.

"Sasa inatosha," mzee Ponsian akasema. "Chumbani tutamalizia, kwanza tuulize kama inavyopaswa, watu wana kiu." Akasimama kwenye ngazi. "Mwenye nyumba hayupo, mke wake atamjibia. Mama Claude, nyumba hii ni ya nani?"

"Ni ya Maximilian," nikasema. Sauti ilitoka vizuri kabisa.

"Kuna mwenye neno?"

Mama mkwe alishainama kuchota kata ya kwanza.

"Nina neno," Kashinje akasema.

Kata ikabaki hewani.

"Nyumba hii nusu ni ya Yotham. Wazungu waliwaachia wawili. Dereva na mlinzi, kabla ya ghala la tumbaku Yotham alikuwa analinda kambi yao, walikuwa wanafanya kazi pamoja. Walisema ni yenu, gawaneni."

Nilimgeukia. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Hukuambiwa?" akaniuliza. Na aliuliza kwa huruma, hilo ndilo lililoniogopesha. "Yotham alimfuata bwana yako Jumatano ile mnaezeka bati. Akamwambia, hii ni nyumba ya vipande, inagawanyika. Nipe vipande vyangu na mimi nisimamishe yangu, au niseme kwenye pombe. Bwana yako akamjibu, hakuna pombe. Njoo Ijumaa jioni tuhesabu vipande wote wawili. Ijumaa Yotham akavaa koti lake la lindo, akasema napitia kwa Maximilian kwanza."

Hakuna aliyecheka tena.

Nikatafuta uso wa mama mkwe wangu. Yeye alikuwa anaangalia ile kata. Nikaelewa kwamba lile swali la Jumapili, pombe ilinywewa lini, halikuwa la mila tu. Alikuwa anamjua mwanawe.

"Fungua ukuta wa chumbani," Antoni akasema.

Wasomaji, muda mfupi kabla nilikuwa nashukuru kuta zinafunguliwa watu waone. Sasa nikaomba bisibisi ivunjike.

Tukaingia chumbani, tuliotosha. Mzee Ponsian, Antoni, Kashinje, mama mkwe na mimi, wengine wamejaa mlangoni. Nikasogea kwenye kipande chenye namba ya kichwa chini. Skrubu ya kwanza ikatoka kwa urahisi. Za sebuleni zilikuwa zinalia kwa kukaza, hizi zilikuwa zimefungwa na mtu mwenye haraka. Nikafika ya mwisho, mkono ukakataa. Antoni akaushika mkono wangu juu ya bisibisi, akauzungusha pamoja nami.

Ubao ukatoka. Sufi haikuwepo.

Lilikuwepo koti. Koti zito la kijani la mlinzi, limekunjwa vizuri, mikono imeingizwa ndani. Kiwiko kimoja kina kiraka cha kitambaa cha gunia la ngano. Kashinje akakigusa kile kiraka, maana alikishona yeye. Antoni akalivuta, na ndani yake vikadondoka viatu, kamba zimefungwa pamoja.

"Mana yanje," nikasema, Kirundi kikanitoka bila kujua. Mungu wangu.

Kashinje hakulia. Akaokota viatu akavishika kifuani.

"Hana vingine," akasema. "Amekwenda wapi bila viatu?"

Kule nje walionyamaza wakaanza kuambiana. Nikasikia dumu linaburuzwa. Mzee Ponsian akaufunga mlango wa chumba kwa mgongo wake, akasimama pale, mzee wa watu.

"Mama Claude," akasema. "Nakuuliza kwa usalama wako. Ukuta huu alifunga nani?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilitaka kulisema na nilitaka kulimeza. Ni baba wa huyu mtoto mgongoni kwangu.

Na hapo ndipo niliposikia honi. Nje ya nyumba, karibu kabisa. Lori la Ikola la mchana, limechelewa. Nikasikia tanboi anapiga bati la bodi, nikasikia watu uani wananyamaza mmoja baada ya mwingine wakipisha njia, halafu hatua zinapanda ngazi yetu. Wiki nzima nilikuwa nimezisikilizia hatua zile. Nikaomba zirudi zilikotoka.

"Nimeufunga mimi," mama mkwe wangu akasema.

Tukageuka wote.

"Ni mimi," akasema tena. "Ukuta huo nimeufunga mimi. Mkwe wangu hajui kitu."

Uongo mtupu. Ijumaa alikuwa Usevya. Bisibisi hajawahi kuishika maishani mwake. Lakini nyuma ya ule mlango palikuwa na vijana waliokuwa wanangoja jina, na yeye alikuwa amewapa bibi mwenye macho mekundu, na kwa vijana wale lilikuwa linatosha.

Mlango ukasukumwa, mzee Ponsian akapisha. Maximilian alikuwa amesimama pale na gunia la dagaa begani. Amechomwa na jua la ziwani, ndevu zimeota. Akauona ukuta uliofunguliwa. Akaliona koti mikononi mwa Antoni na viatu mikononi mwa Kashinje. Akamwona mama yake.

"Mwanangu," bibi akasema, "umefika. Nimeshawaambia ni mimi."

Nikamngoja aseme. Nilimwangalia mdomo wake, nikamngoja mume wangu aseme, hapana, mwacheni mama.

Maximilian akatua gunia chini. Akaliegemeza ukutani vizuri, lisianguke. Halafu akainamisha uso, na hakusema kitu.

Antoni akamshika yule bibi mkono. Hakupinga, alikuwa mwepesi, akaanza kutembea naye.

"Mama Claude," mzee Ponsian akaniambia kwa sauti ya chini, "mimi nimekuuliza wewe, na wewe hujanijibu. Anasema kweli huyu bibi?"

Watu wote wakasimama. Antoni akasimama. Na Maximilian, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akainua macho akanitazama.